Hadithi za kisayansi: msomaji aelezwe kiasi gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Miswada ya hadithi za kisayansi inanipitia mkononi kila mara, mingi ya vijana wanaoandika kwenye simu. Wanaoituma huuliza yale yale, nami nimechoka kuyajibu upya kila usiku. Basi haya hapa kwa pamoja. Maswali yana namba. Jambo likiwa limeshajibiwa kwingine nitakutuma huko badala ya kulirudia.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini suala la kueleza linazisumbua hadithi za kisayansi kuliko hadithi nyingine?

Kwa sababu ya nomino. Ukiandika hadithi ya Manzese ukasema "alipanda daladala", umemaliza. Msomaji ameshamwona konda, ameshaona mlango usiofunga, ameshasikia mziki. Sasa mhamishie mhusika wako kwenye sayari ya Mirihi. Alipanda nini? Alilipa kwa nini? Alishuka akavuta hewa ipi? Kila nomino inayotoka kwenye dunia yako ya kubuni ni deni, na msomaji anadai.

Hapo mwandishi anashikwa na hofu mbili: msomaji asipotee, na msomaji asisinzie. Karibu kila anayeanza huogopa ile ya kwanza, anaeleza na kueleza, kisha anaangukia ya pili.

Kuhusu jina: wengine husema bunilizi ya kisayansi, wengine hadithi za kubuni za kisayansi. Hapa nasema hadithi za kisayansi kwa sababu ni fupi.

2. Nipe jibu fupi. Nieleze kiasi gani?

Eleza bei, acha injini.

Abiria wa daladala hajui gia inafanyaje kazi. Anajua nauli, anajua gari linaishia wapi, anajua akichelewa kusema "shusha" atarudi kwa miguu, na anajua jioni atasimama. Mambo hayo manne yanamtosha kuishi na chombo kile miaka hamsini. Msomaji wako ni abiria huyo. Akishajua mashine yako inamgharimu nini anayeitumia, inamfikisha wapi na inamwacha wapi, amepata chake. Injini ataiulizia siku gari litakapozima njiani, na siku hiyo utamweleza naye atakuwa amesimama pembeni yako akichungulia (swali la 8).

3. "Bei" maana yake nini? Nionyeshe kwa mfano.

Hiki hapa kipande nilichoandika mwenyewe miaka ya mwanzo. Nakileta kwa aibu.

> "Kama unavyojua, Juma," Asha alisema, "mji wetu huu wa mwezini hauna hewa ya asili. Kwa sababu hiyo kampuni huchimba barafu kwenye mashimo ya ncha ya kusini, huyatenganisha maji yake kwa umeme kuwa haidrojeni na oksijeni, kisha huisambaza oksijeni majumbani kwa mabomba, na kila kaya hulipia kabla ya kutumia kupitia mita maalumu."
> "Ndiyo," Juma alijibu, "na fedha zikiisha, mita hufunga."

Sayansi yake haina kasoro kubwa. Barafu iko kweli: mwaka 2009 NASA walibamiza chombo cha LCROSS kwenye shimo la Cabeus, karibu na ncha ya kusini ya mwezi, na maji yakaonekana katika vumbi lililoruka. Kutenganisha maji kwa umeme ni somo la sekondari. Lakini hakuna mtu humo ndani. Shangazi yangu, ndiye aliyekuwa msomaji wangu wa kwanza, alifika kwenye "haidrojeni" akaweka karatasi chini akaniuliza kama nimeshakula.

Hiki ndicho nilichokiandika baadaye:

> Luku ya pumzi ilianza kulia saa nane usiku. Mama aliamka kabla yetu. Alitulaza chali wote watatu, akazima taa, akasema: "Asicheke mtu, asilie mtu, mpaka baba yenu arudi na namba." Kaka alikuwa na kwikwi.

Hesabu alichojua msomaji. Hewa inauzwa. Inalipiwa kabla, kwa namba, kama umeme wa luku, ile mita ya kulipia kabla ya nyumbani Tanzania. Ikiisha hakuna mkopo. Familia hii imeshapitia hali hii mara nyingi, maana mama hakuhangaika kutafuta la kufanya. Mtoto mmoja yuko hatarini kwa jambo dogo kabisa. Sasa hesabu ambayo hakuambiwa: mwaka, mahali, barafu, jina la kampuni. Hajalia kwa kuyakosa. Anataka kujua kwikwi imeishaje.

4. Mbona bibi hakuwahi kueleza kitu, na tulimwamini?

Bibi alifunga mkataba kwanza. "Hadithi, hadithi!" Nasi tukaitika: "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea." Tulikaribisha uwongo wenyewe kwa vinywa vyetu. Baada ya hapo sungura akisema, nani wa kuuliza ana koromeo la namna gani?

Ila angalia alivyoutumia uwongo huo. Sungura anasema, ndiyo, lakini bado ana njaa, bado anamwogopa simba, na akianguka kisimani analowa. Uwongo ni mmoja, na yote mengine yanabaki kama tunavyoyajua. Waandishi wengi wa hadithi za kisayansi wanaleta uwongo tisa katika ukurasa wa kwanza, halafu wanalazimika kuueleza kila mmoja. Punguza uwongo, na maelezo yatapungua yenyewe.

## Wapi na lini

5. Nianze na maelezo ya dunia yangu, au nianze na tukio?

Tukio. Miswada inayoanza na "Ilikuwa mwaka 2347, baada ya vita kuu ya tatu ya sayari..." naijua kwa harufu. Anza na mtu anayetaka kitu asubuhi hiyo. Vita kuu ya tatu itajitokeza yenyewe kwenye mguu wa babu uliokatika.

6. Je, mhusika mmoja anaweza kumweleza mwenzake?

Anaweza, akiwa na sababu. Ugonjwa wa "kama unavyojua, Juma" umeuona katika swali la 3: watu wawili wanaambiana jambo ambalo wote wanalijua, ili msomaji aliyejificha nyuma ya pazia asikie. Dawa inayopendwa ni kuleta mgeni, mtoto, au fundi aliyeajiriwa leo, ili awe na haki ya kuuliza. Inafanya kazi, lakini imechoka. Nikikutana na binamu aliyetoka Duniani likizo najua amekuja kuuliza maswali.

Kuna njia nyingine ambayo sisi tunayo tele na tunaisahau. Ni lini hasa mtu humwambia mwenzake jambo ambalo wote wawili wanalijua kwa undani? Wakati wa kusimangana. "Nani alikulipia pumzi miezi mitatu ulipokaa bila kazi? Nani aliuza ndoo zake mbili za barafu ili wewe usomee urubani? Leo unanipita kwenye korido hunisalimu?" Masimango ni mhadhara wenye damu. Yanataja kiasi, tarehe, mahali na aliyelipa, na hakuna msomaji anayesinzia watu wanapotoleana yaliyopita. Misutano ya wanawake uani, ugomvi wa mirathi, kikao cha kumrudisha mke: humo mote historia nzima ya ukoo humwagwa bila mtu kuhisi kwamba anafundishwa.

7. Msomaji anavumilia kutokuelewa kwa muda gani?

Muda mrefu kuliko unavyodhani, akiwa ameahidiwa. Fikiria kitendawili. Unasema "kitendawili", wanaitika "tega". Unatega. Wanahangaika, wanakosea, wanacheka. Wakishindwa unawaambia "nipe mji", wanakupa Zanzibar au Bukoba, unajitapa huko kidogo, ndipo unatoa jibu. Ungetoa jibu pamoja na swali hakuna ambaye angekupa hata kitongoji. Maelezo ya hadithi ya kisayansi yana thamani baada ya msomaji kuanza kuyatafuta.

Lakini kuna kutojua na kuna kupotea. Msomaji anaweza asijue "luku ya pumzi" inatengenezwa wapi na akatulia. Asipojua nani anaongea, anataka nini na anaogopa nini, huyo amepotea, na atakuacha kabla ya ukurasa wa tatu. Ukiona watu wanalalamika "sielewi", uliza kwanza ni lipi kati ya haya mawili. Mara nyingi teknolojia wameielewa vizuri. Ni jina la mhusika lililobadilika katikati.

8. Kuna wakati mhadhara mrefu unaruhusiwa?

Upo, pale ambapo kueleza kwenyewe ndiko tukio. Gari limezima, abiria wote wameshuka, fundi amefungua boneti. Sasa eleza injini mpaka uchoke.

Mfano wa kweli ni Apollo 13, Aprili 1970. Tangi la oksijeni lililipuka njiani kuelekea mwezini, wanaanga watatu wakahamia kwenye chombo cha kutulia mwezini, kilichotengenezwa kwa watu wawili. Hewa ukaa ikaanza kujazana. Vichujio vya ziada walikuwa navyo, ila vilitoka chombo kingine: vilikuwa vya mraba na matundu ya hapa yalikuwa ya duara. Wahandisi waliokuwa Duniani wakawasomea kwa redio, hatua kwa hatua, namna ya kuviunganisha kwa mifuko ya plastiki, karatasi ngumu, mpira wa nguo za anga na gundi ya utepe. Nimewahi kusimulia kisa hiki kwa wanafunzi wa darasa la sita bila kutaja kemikali iliyomo kwenye kichujio. Mraba kwenye duara, na pumzi zinahesabika: hakuna aliyeinua mkono kuuliza kemia. Mmoja aliuliza kama walipata gundi ya kutosha.

## Kiswahili chenyewe

9. Nitumie kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Akili bandia, akili mnemba au akili unde?

Tumia neno ambalo mhusika wako angelisema akiwa na haraka. Mama ntilie wa mwaka 2200 hatasema "tarakilishi" kama wa leo hasemi. Profesa anaweza. Haya maneno mawili-matatu ya kitu kimoja yanaonekana kama kero, lakini kwako ni mali: mpe mtawala "akili unde", mpe mtaa jina la utani, na msomaji ataona tabaka mbili bila aya ya kueleza tabaka.

10. Nikibuni neno langu, nitoe na maana yake?

Ukiona neno linahitaji maana pembeni, jaribu neno lingine kwanza. Kiswahili kina desturi ya kuvipa vitu vipya majina yanayojieleza. Gari la vita likaitwa kifaru, basi. Aliyewahi kusikia habari za mnyama yule hakuhitaji picha. Mashine ya kupoza chumba ikawa kiyoyozi. Fuata nyayo hizo. Neno likijengwa kwa mzizi ambao msomaji anao, nusu ya maelezo imo ndani ya jina.

"Luku ya pumzi" ilitokea hivyo. Lakini msomaji wa Nairobi aliniandikia kwamba alifika nusu ya hadithi akidhani luku ni mnyama anayelia. Kwao wananunua tokeni. Sikuweka maelezo. Niliongeza tu sentensi ya baba kurudi na tarakimu ishirini zilizoandikwa kwenye kiganja, jasho limefuta mbili. Wa Nairobi akaelewa, na wa Mbagala akaogopa zaidi.

11. Roboti "ameanguka" au "imeanguka"?

Swali hili huja kama swali la sarufi, na wanaouliza hudhani nitawapa kanuni ya shule. Kwangu ndilo swali tamu kuliko yote ya ukurasa huu.

Lugha yetu inakulazimisha kuamua. Kitu kikiwa na uhai wa mtu au mnyama, upatanisho ni wa a- na wa-, hata jina likiwa la ngeli nyingine: kifaru *alipita* ni mnyama, kifaru *kilipita* ni chuma chenye mzinga. Herufi chache zimetenganisha nyama na bati. Basi unapoandika roboti, kila kitenzi ni kura. "Roboti imeanguka" ni chombo kilichoharibika. "Roboti ameanguka" ni mtu aliyeumia. "Kiroboti kimeanguka" kuna anayedharau, na "jiroboti limeanguka" kuna anayeogopa.

Mswada mmoja mzuri niliowahi kuupokea ulitumia jambo hili bila kulitangaza. Nyumba ina roboti wa kulea. Mtoto tangu mwanzo anasema "amechoka", "amekasirika". Mama anasema "imechoka chaji". Baba hasemi kitu. Kurasa kumi na moja zinapita hivyo. Siku ya kuipeleka kwenye vyuma chakavu mama anasimama mlangoni anasema, "Mwacheni kwanza, hajaaga." Mwandishi hakueleza haki za roboti, wala sheria ya nchi ile, wala mama alianza lini kubadilika. Herufi mbili zilitosha. Nilimwandikia asiguse chochote, na mwandishi akanijibu kwamba msahihishaji mwingine alikuwa ameshazilinganisha zote kuwa "i-" akidhani ni makosa.

Kwa hiyo amua mapema nani anasema a- na nani anasema i-, andika pembeni ya mswada, na mwambie anayekusahihisha.

12. Saa moja asubuhi mwezini ni saa ngapi?

Saa zetu zinaanza na jua kuchomoza. Huko juu jua halina utaratibu huo. Mwezini, kutoka macheo hadi macheo ni takriban siku 29 na nusu za Duniani. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga jua huchomoza karibu mara 16 ndani ya saa 24. Ukiandika "alfajiri" bila kufikiri, msomaji makini atakushika.

Jambo hili limeshawahi kuamuliwa kwa dhati. Mwaka 2007 Mmalaysia Sheikh Muszaphar Shukor alikwenda kwenye kituo hicho, na ilikuwa Ramadhani. Wanazuoni wa Malaysia walikuwa wamemwandalia mwongozo: sala ni tano kwa kila saa 24, zikifuata saa za mahali aliporukia. Kibla aelekee kadiri awezavyo. Ukiwa na mhusika Mswahili wa pwani chomboni, aliyerukia Ngomeni karibu na Malindi (swali la 18), sentensi moja inatosha: "Walishika saa ya Ngomeni, na adhana ilitoka kwenye simu ya Mzee." Msomaji ameelewa saa, dini, asili yao na nani mkubwa wao.

## Sayansi yenyewe

13. Lazima sayansi iwe sahihi ndipo nieleze?

Ugomvi huu ni wa zamani. Mwaka 1865 Jules Verne aliwapeleka watu wake kuuzunguka mwezi kwa kombora la mzinga, akiwa na hesabu za urefu, baruti na kasi. Mwaka 1901 H. G. Wells aliwapeleka wake kwa kitu cha kubuni kinachozuia mvutano wa Dunia, bila hesabu. Verne alinung'unika: yeye ametumia fizikia, mwenzake amezua chuma, basi na akionyeshe chuma hicho.

Sasa fanya hesabu ya mzee Verne. Mzinga wake una urefu wa mita 274 hivi, na kombora linatakiwa litoke na kasi ya karibu kilomita 11 kwa sekunde. Kuifikia kasi hiyo ndani ya urefu ule, abiria wangekandamizwa kwa uzito zaidi ya mara 20,000 ya uzito wao. Mtu wa kilo 70 angelemewa na tani 1,400 na ushei. Wangekuwa chapati kabla ya kutoka mdomo wa mzinga. Aliyeeleza alikosea, ambaye hakueleza alikosea, na wote wawili wanasomwa hadi leo. Tofauti ni kwamba Verne alitupa kipimo cha kumkamatia.

Ushauri wangu: eleza kwa tarakimu pale tu ulipopiga hesabu mwenyewe mara mbili. Penginepo sema kitu kinafanya nini, unyamaze.

14. Nitumie takwimu ngapi?

Zile ambazo mtu anaweza kuzibeba kichwani, nikimaanisha hata kwa ndoo. Binadamu hutumia karibu gramu 840 za oksijeni kwa siku. Lita moja ya maji, ukiyatenganisha yote, inatoa kama gramu 890. Hizo ni tarakimu za daftari langu. Hazikuingia kwenye hadithi. Kilichoingia ni hiki: ndoo ya lita 20 ni wiki tatu za uhai wa mtu mmoja. Mtoto mwezini anamwona mzee amebeba ndoo mbili za barafu, na anajua amebeba wiki sita.

Mfano mwingine. Ishara ya redio kwenda Mirihi huchukua dakika kati ya 3 na 22, kutegemea sayari hizi mbili ziko wapi. Unaweza kuandika hivyo. Au unaweza kuandika: "Alituma shikamoo, akaosha vyombo, akaanika nguo, ndipo marahaba ikafika."

15. Msomaji anayejua zaidi yangu amenikosoa. Nifanyeje?

Mshukuru, kisha uangalie kama kosa alilolikuta linaweza kuwa bei mpya. Muuguzi mmoja alisoma kipande cha luku ya pumzi akanieleza kwamba katika chumba kilichofungwa, hewa ukaa waliyoitoa watoto wenyewe ingewadhuru kabla oksijeni haijaisha. Ni kweli, ndilo lililokuwa tatizo la Apollo 13 (swali la 8). Ningeweza kuongeza aya ya fiziolojia. Nikaongeza hivi: "Kichujio kilikuwa cha kuazima kwa jirani, na jirani alishakitumia mara mbili." Muuguzi aliridhika, na mimi nikapata jirani.

## Kesi za pembeni

16. Je, hadithi fupi, riwaya na hadithi ya mfululizo kwenye simu zina kipimo kimoja?

Hapana. Hadithi fupi ina nafasi ya uwongo mmoja. Riwaya ina nafasi ya kurudi nyuma na kuchimba. Ya mfululizo ina tabu yake: msomaji wa sehemu ya 14 amesahau sehemu ya 3, au hakuisoma kabisa. Usimwekee muhtasari mrefu. Mrudishie kitu kile kile kwa jina lile lile kikifanya kazi ile ile. Luku ilie tena. Kama hadithi inasomwa kwa sauti, redioni au kwenye vipande vya sauti, kata majina ya kubuni yanayofanana. Sikio halirudi ukurasa wa nyuma.

17. Niweke faharasa mwishoni?

Weka ukipenda, ila hadithi isimame bila hiyo. Tanbihi katikati ya tukio hapana.

18. Hadithi yangu iko hapa hapa Afrika Mashariki. Kuna nini cha kueleza?

Kidogo mno, na hapo ndipo watu wanateleza. Naona miswada ya Kiswahili, kwa ajili ya Waswahili, inayosema "alikula ugali, chakula kinachopikwa kwa unga wa mahindi", kisha aya inayofuata inaruka "injini ya kwantamu" bila kigugumizi. Mwandishi anamwandikia mtu wa mbali ambaye hatamsoma kamwe. Muulize nafsi yako nani amekaa mbele yako.

Wengine wanaogopa kwamba roketi kwenye pwani yetu itaonekana kichekesho, hivyo wanaeleza sana kuihalalisha. Roketi zimeshapaa. Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano walikuwa na jukwaa la San Marco baharini, na kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti zilirushwa pale. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei ya angani, ikapewa jina la Uhuru. Mahali palichaguliwa kwa sababu ya ikweta: Dunia huko inazunguka kwa kilomita kama 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo huo bure. Kwa hiyo ukiandika wavuvi wanaokunja nyavu kwa sababu leo kuna mrusho, usieleze. Wapo wazee ambao watakwambia umekosea rangi ya moshi.

19. Naweza kuacha fumbo bila kulijibu kabisa?

Unaweza, ikiwa walio ndani ya hadithi nao wanaishi na fumbo hilo. Mary Shelley, katika riwaya yake ya Frankenstein ya mwaka 1818, hakusema maiti zilipewaje uhai. Mwanasayansi wake wa kubuni, Victor Frankenstein, anakataa kutoa siri ili mwingine asirudie maafa yale. Ukimya ule una sababu inayomhusu mhusika. Ukimya wa mwandishi aliyeshindwa kuamua unatambulika mara moja: wahusika hawaulizi jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angeliuliza. Waache waulize, wapate majibu mawili yanayogombana, na usiku uingie.

20. Msomaji mmoja anasema niongeze maelezo, mwingine anasema nipunguze. Nimsikilize yupi?

Usisikilize dawa, sikiliza mahali panapouma. Mara nyingi wote wawili wameumia ukurasa ule ule. Mmoja alipotea akataka ramani; mwingine aliona ramani akachoka. Ukipachunguza utakuta pana jambo ambalo mhusika analifanya bila sababu, na umelifunika kwa sayansi.

Mimi nina njia moja ya kupima. Namsomea mtu kwa sauti, nikiwa na kalamu, na simruhusu anipe maoni. Naangalia mikono yake. Akishika simu, hapo nimeeleza mno, natia alama. Akisema "ngoja, rudia", nimeeleza kidogo. Natia alama nyingine. Juzi nilimsomea shangazi hadithi ya luku mpaka mwisho. Simu yake ililia mara mbili hakuipokea. Nilipomaliza nikamuuliza kama kuna mahali hakuelewa. Akasema yote ameelewa, ila anataka kujua yule jirani alirudishiwa kichujio chake au la.